Arobaini na Moja

Toleo jipya limetoka usiku wa Jumatano,
na bando la usiku ndilo rahisi,
basi nimekaa ofisini Fort Portal, blanketi mabegani,
nikiutazama mstari wa kijani ukijivuta:
asilimia sita, asilimia sita, asilimia saba,
konokono anapanda Rwenzori kwa mkopo.

Wameandika wenyewe, hawakuficha:
Hili ni la majaribio. Litakosea. Likikosea, tuambieni.
Nikacheka peke yangu.
Ni chama gani, ni benki gani, ni mume gani
aliyewahi kuniletea kitu na karatasi ya namna hiyo?
Na msimbo wote u wazi, sufuria bila kifuniko:
anayetaka kuonja aonje,
anayeona chumvi imezidi aseme.

Saa nane na robo nikaliwasha.
Likaanza kupiga hodi.

Hodi, seva. Karibu.
Hodi, printa ya uhasibu. Karibu, karatasi zimekwisha.
Hodi, kamera ya getini; hodi, simu ya mlinzi Kagoro
niliyemkataza kujiunga na mtandao wetu.
Karibu, karibu, huku kuna marudio ya mpira.

Kwetu Tooro humsalimu mtu
ukishamwuliza empaako yake;
akijibu Abwoli, akijibu Araali,
ndipo salamu hupata pa kukaa.
Chombo hiki cha watu nisiowajua
kimejifunzia wapi adabu yetu?
Kila mashine kinaiuliza jina,
kinaiuliza umri,
kinaiuliza ni mlango gani hulala wazi.

Daftari langu lina mashine arobaini.
Nilizihesabu kwa kidole mwezi wa tatu.
Chombo kikaleta arobaini na moja.

Ni kosa, nikasema. La majaribio hili.
Lilishakosea dakika ile ile:
mizani ya kupimia majani ya chai
lilikuwa limeiita friji.
Nikarudia. Arobaini na moja.
Nikazima ruta, nikahesabu hadi mia, nikawasha.
Arobaini na moja.
Arobaini ni za mwizi, tuliambiwa;
hii ya juu yake ni ya nani?
Hodi ni tatu, kisha mstaarabu huondoka.
Mimi nikachukua tochi.

Waya haudanganyi mkono unaoufuata.
Ukatoka ofisini, ukapita chini ya bomba la mvua,
ukaingia bohari ya mbolea,
nyuma ya magunia, penye harufu ya kutoa machozi.
Hapo:
kisanduku kidogo kuliko mche wa sabuni,
kimekaa baina ya mizani na sisi
kama mkalimani asiyeitwa na mtu.
Taa moja. Inapepesa.

Nikamkumbuka Mama Kabanyoro wa ng'ambo ya Mpanga,
alivyosimama dirishani na risiti yake:
Binti, mgongo wangu unazijua kilo thelathini.
Hapa mmeandika ishirini na nane.
Nami nikamjibu, mama, mashine haikosei.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Kisanduku sikukigusa.
Nilipiga picha, nikaandika saa,
nikafunga bohari kwa kufuli langu mwenyewe,
ufunguo nikautia ndani ya soksi.
Kisha, kwa kuwa waliomba, nikawaandikia wale watu:

Toleo linafanya kazi. Kosa nililoliona ni moja,
mizani imeitwa friji;
naambatisha rekebisho, mistari minne.
Lile jingine si kosa lenu.

Nje, ukungu wa mashamba ulishafika getini.
Kagoro akasimama, akavuta koti.
Kulikoni usiku huu, Akiiki?
Nikamwuliza, bohari hufunguliwa na nani?
Akainamia simu yake, akaitazama sana.
Mpira ulikuwa umekwisha zamani.