Kinyota Chekundu

Barua imeingia saa saba usiku, saa ambayo Nkuhungu
hata mbwa wamekubali kulala.
Tumepitia programu yako. Haijakidhi vigezo.
Vigezo vipi? Shuka chini,
kule maandishi yanakokonda kama punje za uwele:

mchapishaji awe na anwani ya mtaa na namba ya nyumba;
programu isitake kujua mtu alipo bila sababu;
iwe imetumiwa na watu mia kabla ya kuingia dukani.

Huo wa mwisho nimeusoma mara tatu.
Yaani uvuke korongo kwanza,
ndipo wakujengee daraja.

Mkaguzi, jina lako silijui, unajiita Timu.
Mimi ni Ndahani Chilongani.
Nyumba yetu haina namba. Ina mlango wa bluu,
iko kwa yule anayechomelea mageti.
Nikaandika hivyo hivyo. Fomu ikagoma:
herufi zisizidi thelathini.

Programu yenyewe ni kitu kidogo.
Inamwambia mkulima wa zabibu kule Hombolo
nani ananunua leo, kreti ngapi, bei gani,
asije akakata vichala alfajiri
jioni vikawa uji.
Mahindi yanangoja. Hata deni linangoja.
Zabibu haingoji.

Miezi kumi na mmoja niliiandika
kwenye kompyuta iliyong'oka herufi K,
nabonyeza kijipira kilichobaki,
na Kiswahili, unajua mwenyewe,
hakina jinsi ya kukwepa K.

Mwaka juzi mama alirudi na kreti tisa kati ya kumi na nne.
Kiwandani kuna kijana mwenye kidude kama darubini ya mtoto:
anakamua tone moja kiooni, anakielekeza juani.
"Sukari kumi na sita, mama. Tunapokea kuanzia kumi na nane."
Mama hakubisha. Aliomba naye achungulie.
Akaona bluu juu, nyeupe chini, na mstari katikati.
"Kumbe ndiyo hii inayotukataa," akasema,
kama mtu anayetambulishwa kwa shemeji.
Msimu uliofuata alichelewa kukata siku tisa.
Zikapita zote.

Basi Mkaguzi, sikuombi upendeleo.
Naomba kuchungulia.

Mahali mtu alipo, kweli nilikuwa nachukua.
Ya nini? Sina jibu. Niliona wengine wanachukua.
Nimeitoa. Hapo ulinishika, na haki yako.

Jumamosi nikaenda mnada wa Msalato na kebo mfukoni,
katikati ya moshi wa nyama na marundo ya mitumba,
naweka programu simu kwa simu.
Mmoja aliuliza kama inakopesha.
Mwingine alitaka kwanza nimfutie picha za shemeji yake.
Wa tisini na nne akawa mama.

Jina: akaandika Mbeleje, kwa kidole kimoja, taratibu.
Simu: akaandika.
Hati ya shamba, na kando yake kinyota chekundu.
"Hati ya nini? Mpaka wangu ni minyaa.
Bibi yako aliipanda, hata ng'ombe wanaujua."
Akaruka hapo, akabonyeza Endelea.
Kioo kikasema: Hujakidhi vigezo.

"Nani kaandika hivi?"

Nikajifanya natafuta kebo.

Usiku ule nilifungua mstari wa mia mbili na kumi.
Neno moja tu, lazima.
Sikumbuki nililiweka lini, wala nilikuwa namwogopa nani.
Nililifuta, nikakaa gizani kidogo,
feni ikilalamika, bando likikaribia kuisha.

Nimetuma tena. Bado hujajibu.
Tumefika watu mia na watatu, na Mpunguzi wanauliza.
Kwenye kisanduku cha anwani nimeandika
Mlango bluu, kwa mchomeleaji.
Nimehesabu mpaka nafasi na mkato:
ishirini na nane.