Namba Arobaini na Moja

Duka linafungwa. Kwenye Barabara ya Sita
upepo wa Agosti unaingia na vumbi lake
kama mteja asiyenunua.
Nimeajiriwa siku tatu: kalamu, daftari, chai mara mbili.
Bwana Fidahusein anataja, mimi naandika.

Namba tisa: sahani ya shaba, mpiga udi.
Kwa miaka amesuguliwa kwa ndimu na jivu,
tumbo la udi limenona, linang'aa,
vidole havipo.
Vimefutwa na usafi.

Namba kumi na saba: kijana wa kauri,
soksi zimempanda hadi magotini,
amekumbatia kinanda chenye shingo iliyokunjwa nyuma.
Nikaandika, "imevunjika".
"Futa," akasema Bwana. "Ndivyo kilivyoundwa."
Nikafuta. Kumbe kuna vyombo
huzaliwa na shingo iliyogeuka,
kama mtu aliyeitwa akiwa keshaondoka.

Namba ishirini na sita: kopo la biskuti, bila biskuti.
Juu ya mfuniko mwanamke na gambusi mapajani,
kutu imemla sikio moja.
Anaendelea kupiga.

Nimewapanga mezani, bendi nzima,
midomo wazi kidogo,
na kinachosikika ni bati la paa
na jirani anayechonga funguo.

Halafu arobaini na moja.

Mpingo, urefu wa shubiri na nusu,
mtu amekaa juu ya kigoda,
karatasi imebandikwa kifuani, mwandiko wa zamani:
*Mwindaji na upinde wake. Kanda ya Kati.*

Mwindaji!
Tangu lini mwindaji akajielekezea upinde tumboni?
Tangu lini akafumba macho?
Nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango.
Upinde ule haujui mshale, ni wa zeze,
na hicho alichokipakata si windo,
ni kisanduku cha sauti, ngozi imewambwa,
vijiti vya kuibana vimechongwa kimoja kimoja.
Kidole gumba kimejificha nyuma ya shingo.
Aliyechonga alijua. Aliyechonga alikuwa akipiga,
au alilala kila usiku karibu na anayepiga,

kama mimi, kule Mvumi, ukuta mmoja na baba,
Chedego mwana wa Ndahani,
aliyefunga waya wa breki ya baiskeli
mahali pa mshipa wa ng'ombe,
akapaka upinde utomvu,
ukalia kama mtu anayejizuia.
Mwaka wa njaa alilibeba zeze lile mjini,
akarudi na debe moja la mtama, robo yake mchanga.
Hatukumuuliza kitu. Tulipepeta.

"Bwana, huyu si mwindaji."
Hakuinua macho. "Najua."
"Unajua?"
"Miaka thelathini najua. Mwindaji hununuliwa, binti.
Nilimweka dirishani kama mpiga zeze, mwaka mzima,
watu wakauliza: huyu anafanya nini?"
"Sasa mbona bado yupo?"

Akakoroga chai iliyokwisha koroga zamani.
Mlangoni kikapita kimbunga kidogo cha vumbi,
kikainua mfuko wa nailoni, kikautua.

Nikaandika: *41. Mwindaji. Mpingo. Elfu sabini.*
Daftari ni lake, chai nimeshakunywa.

Lakini mchongaji alikuwa ametoboa matundu mawili
juu ya shingo, membamba kama tundu la sindano,
na nyuzi hazimo.
Nikachomoa nyuzi mbili za rasta nyuma ya sikio,
nikazilowesha kwa ulimi, nikazipenyeza,
nikazivuta mpaka kwenye ngozi ya mti,
nikafunga kwa fundo la baba, lile la kurudi mara mbili.

Hakika hakikulia kitu.
Ila bati la paa, sijui kwa nini,
lilinyamaza.

Nilipoinua uso Bwana alikuwa ananitazama,
miwani mkononi.
"Ongeza elfu tano," akasema.