Spana Namba Kumi

Nililikuta Mbweni, nyuma ya hoteli iliyofungwa,
pikipiki la magurudumu manne,
limeinama upande mmoja kama ng'ombe aliyegoma njiani.
Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti, mayai matatu
juu ya sponji iliyochanika.
Mlinzi, Ligombeka, akayahamisha kwanza mayai,
taratibu, ndani ya kofia yake,
ndipo tukaanza kuongea bei.

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hili halikujiuza, halikujitembeza.
Lilikaa tu, miaka sita,
likila chumvi ya upepo
na mvua za vuli, na za masika,
na mkojo wa mbuzi wa jirani.
"Lilikuwa linabeba watalii ufukweni," akasema Ligombeka,
kama mtu anayetaja cheo cha marehemu.

Laki nne na nusu.
Kiinua mgongo changu, miaka thelathini na mmoja wodi ya wazazi,
kilikuwa na mipango mingine: bati, simtanki, mlango wa chuma.
Kirikuu kikalishusha uani kwangu Tandika.
Wifi yangu Siwema akatoka na mwiko mkononi.
"Hilo la kuendesha au la kuzika?"
Sikumjibu. Sikuwa na jibu.
Mikono iliyozoea kupokea
haijui kukaa mapajani.

Boksi la Chambuso lilikuwa uvunguni tangu arobaini yake.
Fundi wa reli, mtu wa mpangilio:
nane, tisa, pengo, kumi na moja, kumi na mbili.
Kumi haipo.
Kumi huwa haipo, nyumba yoyote ya fundi.
Na hili dubwana, kila nati niliyoishika
ilikuwa ya namba kumi.

Nikaazima. Nikafungua.
Ndani ya kabureta nyigu walijenga, wakazaa, wakahama.
Petroli ilishageuka utomvu.
Plagi nyeusi, jino la mvuta kiko.
Hizza akaja kutoka Gerezani na ringi za mtumba kwenye mfuko wa rambo,
akaweka sikio kwenye injini, mimi nikakumbuka
jinsi nilivyokuwa naweka langu kwenye matumbo.
"Mama, hii haijafa," akasema. "Imesusa."

Basi tukabembeleza. Msasa, mafuta ya taa, mswaki wa zamani.
Wiki ya tatu nikalifungua bamba la tumboni,
tope kavu likamwagika, na kitu kikalia *kling* sakafuni.

Spana. Namba kumi. Kutu mpaka shingoni.

Nikakaa chini.
Kumbe kuna mtu alipiga magoti hapa kabla yangu,
jua la saa nane kisogoni,
akaitwa kula, au akaitwa ofisini kuambiwa hakuna kazi tena,
akaiacha palepale
kwa sababu alikuwa anarudi.
Chambuso naye aliacha miwani juu ya redio.

Jumamosi tukaunganisha betri ya bodaboda ya Mwidini.
Likakohoa. Kimya.
Likakohoa. Kimya kile ninachokijua,
kile ambacho ukikihesabu unakosea namba.
Nikalipiga kofi tangini, sijui kwa nini. Naijua sababu.
Likalia.
Moshi ukaanua nguo zote za Siwema kwenye kamba,
naye ndani ya moshi, kanga puani, anapiga vigelegele
huku anatukana.

Nimefika nalo hadi duka la Mangi.
Breki bado; magunia ya mkaa yalinisimamisha,
mawili nimelipa, la tatu tunabishana.

Ile spana niliilaza kwenye mafuta usiku kucha,
asubuhi nikaipeleka kwenye pengo la boksi.
Haikukaa. Ni ya kampuni nyingine, nene kidogo,
inazuia kifuniko kufunga.

Nimeuacha wazi.