Pembeni

Nyota alikuwa yule mwenye meno,
aliyerukia farasi bila kutazama kama farasi yupo.
Huyu wetu ndiye aliyeshika hatamu,
akala vumbi, akasahauliwa.

Tulimwona Bondeni, Nakuru, kila Jumamosi,
juu ya shuka la mama lililopigiliwa misumari
kwenye ukuta wa ghala la mahindi.
Filamu zilikuwa kuukuu, za kabla picha hazijajua kusema.
Zilishuka stesheni ndani ya mikebe yenye kutu,
na Bwana Virchand alizinunua kwa ratili, kama misumari.

Baba yangu, Zablon Amugune, mchana alichochea makaa ya garimoshi,
usiku alizungusha mashine kwa mkono.
Yeye pia ndiye aliyekuwa sauti:
maandishi yakitokea aliyasoma kwa Kiswahili cha reli,
bibi harusi akiongea kama karani wa tiketi,
jambazi kama msimamizi wetu wa zamu.
Lakini yule mtu wa pembeni hakuandikiwa neno hata moja,
basi baba akamwazima kikohozi chake mwenyewe.

Tukamwita Pembeni.
Wiki hii mhudumu wa baa, masharubu yamepakwa nta.
Wiki ijayo kasisi. Kisha kinyozi, shahidi mahakamani,
mlevi anayeanguka ndani ya birika la ng'ombe,
baba wa msichana, mwizi wa kuku,
na mara moja, sijui kwa nini, mfalme,
taji likimteremkia masikioni.
Masikio yalikuwa yale yale. Hayo ndiyo yaliyomsaliti.
"Ni yeye!" watoto walipiga kelele,
na mama Kageha, muuza mandazi, alijibu gizani:
"Maskini, leo amepata kazi gani?"

Baba alikuwa na daftari.
Kurasa za mbele, deni la sukari.
Za nyuma, Pembeni:
*Amekufa kwa risasi. Amekufa kwa risasi.
Amekufa kwa maji. Amefungua mlango mara tatu, hakushukuriwa.
Amekufa kwa risasi, ila amekufa vizuri.*

Usiku mmoja wa Julai, upepo wa Menengai ukang'oa msumari,
shuka likajikunja kama sikio la mbwa.
Baba akaniachia mpini, zungusha, usikimbie,
akaenda mbele kulinyoosha.
Pale ukutani Pembeni alikuwa akinyoosha mkono kufungua mlango,
na kivuli cha baba, kikubwa, chenye kofia ya reli,
kikaufikia kabla yake.
Watu walizomea. *Toka! Mzee, toka!*
Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kuitazama sura ya kazi yake,
na wakataka iondoke.
Nikaona kivuli kikisita.
Kisha kikainama kidogo, kama mhudumu,
kikampisha mwenye meno.

Mwaka uliofuata ikaja mashine ya umeme, na filamu zinazosema zenyewe.
Baba alikaa benchi la nyuma, koo halina kazi.
Aliutafuta uso ule kati ya nyuso mpya
jinsi unavyomtafuta ndugu yako treni likiwasili:
behewa hili, lile, la mwisho.
Hakushuka.
Labda sauti yake ilikuwa mbaya, baba alisema.
Labda hakuwa na kikohozi.

Tulimzika Chavakali, udongo umelowa.
Aliyeandaa ratiba ya mazishi aliandika *mfanyakazi wa reli*,
akakosea jina la ukoo, tukasahihisha kwa kalamu
nakala mia mbili, mimi na dada zangu, mezani pa jikoni.

Daftari ninalo. Limeliwa na mchwa upande wa deni.
Ukurasa wa mwisho ulioandikwa una tarehe, tena mwandiko wa haraka,
mwandiko wa mtu anayeandika gizani huku mkono mwingine unazungusha:
*Leo hakufa.
Ameingia, ameweka chai mezani, ametoka.
Chai ilikuwa ya kweli. Nimeona mvuke.*