Nane Iliyolala

Maureen hupiga ramli saa ya chai,
juu ya meza ya pasi, kati ya foronya za hoteli,
sigara isiyowashwa ikining'inia mdomoni
maana bosi hataki moshi karibu na shuka.
"Vuta moja," aniambia. Sivuti.
Nimesoma chuoni mimi, mambo ya bao siyataki.
Anacheka. Anavuta kwa niaba yangu.

Kijana. Kofia ndefu kama chungu kilichopinduliwa.
Sarafu mbili, kubwa kama visahani,
na utepe wa kijani umezizunguka
ukajipinda: nane iliyolala usingizi.
Mguu mmoja juu. Nyuma yake bahari imechafuka,
meli moja yapanda, moja yashuka,
naye hata hazitazami.

"Ndiye wewe huyu," asema Maureen.

Mimi nimelelewa na methali.
Mshika mawili, moja humponyoka:
bibi aliisema nilipobeba ndoo na mtoto,
Mwalimu Shekiondo, akinirudishia daftari,
shangazi, siku nilipokata tiketi.
Na fisi je? Njia mbili zilimpasua msamba.

Na ni kweli. Jumanne simu nimeibana kwa bega,
Mwanamkasi analia kutoka Pangani:
bati limeng'oka, mvua iko kitandani kwa mama.
Khelef yuko mlangoni na kiatu kimoja,
anadai pauni sita za safari ya shule.
Nikasema "sawa."
Nilipokata simu sikujua
sawa ile nimempa nani.
Mita ya gesi haikungoja ufafanuzi.
Jiko likazima, wali katikati.

Hata saa ya ukutani hapa Blackpool ni mbili kwa moja:
mshale ukisimama kwenye tisa
Maureen husoma tisa, mimi husoma tatu,
na sote tumeshachelewa.

Nikaitazama tena ile kadi,
kwa pembeni, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.
Vidole vyake.
Viko wazi.
Hashiki, huyu. Anarusha.
Na methali ilimtaja mshika.

Lakini usinidanganye, kijana.
Nani alikuchora usiku wa manane,
umekaa kwenye ngazi na koti lako,
unahesabu, unahesabu tena,
ukiombea hesabu ya pili iongope?
Mgongo wako uko wapi kwenye picha?

"Shika ncha," asema Maureen. Chai imekwisha.
Shuka la vitanda viwili linajaa upepo katikati yetu,
tunalivuta, tunasogeleana,
ananikabidhi pembe zake,
na kwa pumzi moja nina zote nne mkononi.
Kisha anainama, anaokota pindo la chini,
nimebaki na mbili.
Mashuka mia na arobaini, hivyo hivyo.

Nilituma nusu ya bati.
Khelef alikwenda safari, na mkate bila jibini.
Gesi nikaiwekea pauni tano, tukala wali wa kiporo
uliomalizia kuiva siku ya pili.

Jioni Maureen akahesabu kadi zake: moja haipo.
Tulipekua vikapu, chini ya mashine, mifuko ya aproni.
Itakuwa imeingia kwenye foronya,
imepanda gari, imekwenda zake ufukweni,
na usiku huu mgeni fulani, na tramu zikipita chini,
anageuza kichwa upande huu, upande ule,
hajui ni nini kinamchoma shavuni.