Kilo Kumi na Moja

Nililipima begi kwenye mizani ya wadi ya watoto
usiku wa zamu ya mwisho kabla ya likizo:
kilo kumi na moja,
sawa na mtoto wa mwaka na nusu aliyenyonya vizuri.
Nikalibeba mgongoni kama tubebavyo Tukuyu,
nikapanda basi la Nizwa alfajiri.

Al-Hamra: mji wa udongo juu ya mji wa saruji.
Wenyewe wamehamia bondeni kwenye viyoyozi,
popo wameachiwa ghorofa.
Kuta zimechanika hadi makapi yaliyokandiwa ndani yanaonekana,
na maji ya falaji bado yanapita mlangoni kwa adabu
kana kwamba kuna mtu atatoka na ndoo.

Wajerumani wawili walinitangulia,
mabegi makubwa kuliko langu, magoti mekundu.
Mwenye duka akawapa tende, akawaonyesha njia ya Misfa.
Mimi akaniuliza, kwa upole kabisa:
"Kafili wako nani?
Anajua uko huku?"

Nikatoa kadi. Sekela Mwakyoma. Muuguzi.
Akaisoma mbele na nyuma kama noti anayoishuku.
Begi lao ni safari.
Langu ni utoro.

Barazani palikuwa na Bwana Muhenna na birika lake,
akadakia kwa Kiswahili cha kabla sijazaliwa:
"Mwache, huyo mtu wa bara."
Akanimiminia kahawa, akanimegea halwa,
akataja vichochoro vya Unguja kimoja kimoja
kama mtu ahesabuye meno yaliyong'oka.
Nilimpenda, sitasema uongo.
Lakini lile neno, bara,
lilishuka na kahawa likakwama hapa.
Wako watu wetu waliotembea kutoka bara hadi pwani
bila begi,
wala hakuna aliyewauliza kama wamechoka.
Labda naye alilisikia likianguka,
maana alinyamaza, akajaza tena kikombe
nilichokwisha kukitikisa.

Nikapanda.
Kwetu Rungwe mlima ni kitu kibichi, kinadondoka maji.
Huu umevuliwa hadi mifupa,
na kwenye mbavu zake watu wamepanga vijishamba,
vitunguu saumu, mkomamanga mmoja, ukuta, tena vitunguu,
kila tone la maji lina saa yake na mwenyewe.
Nyayo zangu zilifuata kinyesi cha mbuzi,
ndiyo ramani pekee isiyokosea.

Juu kabisa, nyumba tatu chini ya mwamba.
Mwanamke anasokota manyoya ya mbuzi huku anatembea,
pia linazunguka kama lina haraka kuliko yeye.
Nikainua simu. Akainua kiganja.
Mjukuu wake, Wadha, akanitafsiria kwa Kiarabu cha shule, polepole,
kama anisomeaye imla:
"Bibi anasema uso wake una kazi hapa."

Kisha Bibi Ghabisha akalinyanyua begi langu kwa mkono mmoja,
akalishusha, akalinyanyua tena.
"Mbuzi wa miezi mitatu," akasema.
"Mbona humwachi atembee mwenyewe?"

Tulicheka. Nikaona kidole chake cha mguu, kimevimba, kimefungwa kitambaa cheusi,
na likizo yangu ikaishia hapo:
nikafungua begi, maji, chumvi, bandeji,
goti langu kwenye kokoto, mguu wake pajani.
Alinitazama kwa muda mrefu.
"Mama yako yu hai?"
Yu hai.
"Anajua uko huku?"

Yale yale. Neno kwa neno, maneno ya mwenye duka.

Wadha akanionyesha jiwe lenye mtandao,
la tatu kutoka zizini, usimame upande wa kushoto.
Nikasimama.
Sauti ya mama ikaja na kuku wake wote.
Nikamweleza mlima, udongo, mbuzi, baridi.
"Mvua?"
Hakuna, mama.
"Na huko juu umekwenda kwa kazi ya nani?"

Nikacheka hadi mbuzi wakageuka.
Sikuwa na jibu. Bandeji ilikuwa imebaki nusu.