Chaki Sakafuni

Fundi Khemisi amechora mstari wa chaki
kwenye sakafu ya Ostini, pale kisigino cha dereva kinapopumzika.
"Hapa ndipo bati litakapokatwa," anasema.
"Ovadraivu ina makalio mapana kuliko hii ya zamani."
Kisha anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono
na kunitazama kama mtu aliyeuliza swali.

Giaboksi imepanda basi la usiku kutoka Kampala,
imeviringwa blanketi la kijivu kama mgonjwa.
Milioni mbili na laki nane, bila jasho la fundi.
Nimelipa nusu. Nusu nyingine bado ni mahindi
na mvua haijasema lolote.

Hesabu naijua, nimeshika vitabu vya tumbaku miaka thelathini.
Kwa maili hamsini injini inalia
kama mbuzi aliyeona kisu,
na kutoka Arua hadi Kampala
ni mbuzi mzima wa saa nane.
Ukiwa na ovadraivu unabonyeza kiswichi,
mlio unashuka, petroli inanywewa kwa adabu,
unaweza hata kumsikia abiria wako akikoroma.
Zaitun anasema pamba ya masikio ni shilingi elfu moja.
Anasema pia: kipya kinyemi ingawa kidonda,
na kuondoka na sufuria yake kabla sijajibu.

Lakini hii ya zamani,
inayovuja tone moja kila usiku juu ya mchanga,
tone moja tu, kama anayehesabu tasbihi,
ndiyo iliyotuvusha mwaka ule.
Sitaji mwaka. Waliokuwepo wanaujua.
Mama mbele, cherehani mapajani,
sisi watano nyuma juu ya magunia, taa zimezimwa,
na gia ya nne ikiruka nje kila tukipiga shimo
hata baba akaibana kwa goti
akaendesha hivyo, amejipinda kama ndoana,
mpaka tukasikia askari wakisalimiana kwa Kilingala.
Goti lile halikunyooka tena.
Kwenye sala alikaa upande.

Sasa niambie, Khemisi:
mambo kama hayo hukaa ndani ya chuma
au hukaa ndani ya goti,
na goti tumeshalizika?

Hajibu. Kuna pikapu ya mtu inangoja.
Anasema tu kwamba mita ya mwendo itadanganya,
utakwenda sitini, yenyewe itakuambia hamsini.
Nikacheka. Baba alimwambia mama vivyo hivyo
kila Ijumaa.

Nikaomba siku moja.
Nikaondoka kabla ya jua, nikashuka Nebbi,
nikafika daraja la Pakwach, nikageuza.
Kwenye tambarare nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.
Ikalia. Nikailiza zaidi.
Nyani wa kando ya barabara hawakuinua hata kichwa.
Nilitega sikio katika zile kelele,
namtafuta baba, lile kohozi lake dogo kabla ya kona,
nusu saa nzima, shingo imekakamaa.
Nilichosikia ni beringi ya nyuma.
Imekwisha.

Leo Khemisi anainama mlangoni, anautafuta mstari wake.
Haupo. Kisigino changu kimeula wote,
kwenda na kurudi, bila mimi kujua.
Kuna vumbi jeupe tu kwenye soli ya kiatu.
Anatoa kipande cha chaki mfukoni,
ananipa mimi badala ya kuchora mwenyewe.

Nakigeuza kiganjani. Ni kifupi kama jino.
"Ile ya zamani," nasema, "usiwape watu wa vyuma chakavu.
Iache hapo kwenye blanketi, nitakuja kuichukua,"
na kabla sijamaliza kusema
nasikia kwamba nimekwisha kujibu.